Badala Si Sawa: Betri ya Lithiamu katika Mfumo wa Volti Ndogo wa Gari la Umeme

Somo la istilahi na tafsiri ya ufundi

Utangulizi

Katika masomo ya tafsiri tumezoea kushughulikia matini za fasihi, za sheria na za habari. Matini za ufundi huachwa nyuma, kana kwamba kazi ya mwanalugha huishia kwenye lango la gereji. Hata hivyo, mafundi wengi wa Lubumbashi, Kolwezi, Bukavu na Goma huelekezana kazi kwa Kiswahili, ilhali karatasi zinazokuja pamoja na vifaa zimeandikwa kwa Kifaransa, Kiingereza, Kichina au Kijapani. Kati ya karatasi hizo na mkono wa fundi, lazima awepo mtu wa kufasiri. Akikosea neno, hasara yake haiishii kwenye alama za mtihani.

Makala hii inachunguza mfano mmoja mdogo. Ndani ya gari la umeme kuna betri ya pembeni, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ya risasi na asidi. Siku hizi wauzaji wanatoa betri za lithiamu zinazoelezwa kuwa ni “badala” ya ile ya risasi: umbo lilelile, ncha zilezile, volti 12 zilezile. Swali letu ni hili: neno badala linaahidi nini hapo, na haliahidi nini?

Hoja tutakayoitetea ni fupi. Badala hutaja mahali pa kitu, haitaji tabia yake. Mwalimu wa badala hukaa kwenye kiti cha mwenzake, lakini hafundishi kwa namna ileile. Mfasiri anayeandika “badala” na kuishia hapo amefasiri ukubwa wa sanduku na kuacha kilichomo ndani. Ili kulithibitisha hilo, hatuna budi kwanza kuelewa kifaa chenyewe, kisha kurudi kwenye lugha.

1. Betri mbili katika gari moja

Anayelitazama gari la umeme kwa mara ya kwanza hudhani lina betri moja. Kwa kweli ziko mbili. Tuchukue Nissan Leaf, gari lililoanza kuuzwa Japani na Marekani mwishoni mwa mwaka 2010. Chini ya sakafu yake imelazwa betri kuu, ambayo katika toleo la kwanza ilikuwa na kilowati-saa 24 na volti zipatazo 360. Hiyo ndiyo inayozungusha mota na kusukuma magurudumu. Mbele, chini ya boneti, kuna betri ndogo ya risasi ya volti 12, isiyotofautiana kwa sura na betri ya gari la petroli. Hiyo huhudumia taa, honi, wipa, kufuli za milango na kompyuta za gari.

Tupige hesabu. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 45 hubeba wati-saa 540. Ukilinganisha na kilowati-saa 24, haifiki hata sehemu moja ya arobaini. Kwa nini basi gari lenye hazina kubwa kiasi hicho libebe na kijisanduku hiki?

Sababu ni usalama. Katika kanuni za magari, umeme mnyoofu unaozidi volti 60 huhesabiwa kuwa wa hatari. Kwa hiyo gari linapozimwa, betri kuu hutengwa na sehemu nyingine zote. Kinachoitenga ni swichi nzito zinazoitwa kontakta. Kila kontakta ina koili ya sumaku: koili ikipata umeme, vipande viwili vya chuma hushikana na mkondo hupita, koili ikikosa umeme, vipande huachana. Umeme wa kuamsha koili hizo hutoka katika betri ndogo.

Dereva anapobonyeza kitufe cha kuwasha, mfuatano ni huu. Betri ndogo huamsha kompyuta. Kompyuta hukagua hali ya gari, kisha hupeleka umeme kwenye koili. Kontakta hushikana na betri kuu huingia kazini. Ndipo kigeuzi hupokea umeme wa volti 360, hukishusha kiwango chake hadi karibu volti 14, na kuhudumia taa na kompyuta huku kikiijaza tena betri ndogo.

Matokeo yake yanawashangaza wengi. Betri ndogo ikiisha, gari haliamki hata kama betri kuu imejaa pomoni. Hakuna umeme wa kushikanisha kontakta, na bila kontakta hakuna umeme unaotoka. Ni sawa na tajiri aliyefungiwa nje ya nyumba yake: fedha zote zimo ndani, na funguo ziko ndani pia.

Hapa mwanalugha akutane na mtego wake wa kwanza. Katika vitabu vya fizikia, saketi “iliyofungwa” ni ile inayopitisha umeme. Lakini katika Kiswahili chetu cha kila siku, kufunga redio ni kuizima, na kufunga bomba ni kuyazuia maji. Ukimwandikia fundi “hakikisha kontakta zimefungwa”, anaweza kuelewa kwamba umeme umekatika, naye akatia mkono mahali ambapo volti 360 zinapita. Aidha, katika gereji kufunga kifaa ni kukiweka mahali pake kwa skurubu. Neno moja, maana tatu, na mojawapo inaweza kuua. Ndiyo maana katika makala hii tumesema kontakta hushikana na huachana. Maneno hayo hayana utata.

2. Kwa nini risasi imedumu

Betri ya risasi ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Ina sahani za risasi zilizozama katika asidi ya salfuriki. Kila seli hutoa volti 2.1 hivi, na seli sita zikiunganishwa moja baada ya nyingine hutoa 12.6. Hiyo inayoitwa “betri ya volti 12” haina hasa volti 12 ikiwa imejaa: jina lake ni la mazoea.

Imedumu kwa sababu ni rahisi kwa bei, inajulikana kila mahali, inavumilia baridi, na ikizidishiwa chaji kidogo haiharibiki papo hapo. Vilevile risasi yake hukusanywa na kuyeyushwa upya. Kasoro zake nazo zinajulikana. Ni nzito. Ikiachwa bila chaji kwa muda mrefu, fuwele za salfati huganda juu ya sahani na kuipunguzia uwezo. Risasi yenyewe ni sumu, hasa kwa watoto, na uyeyushaji wake wa vichochoroni huwadhuru wanaoishi jirani.

Katika gari la umeme kasoro nyingine huongezeka. Betri ya gari la petroli inapodhoofika hutoa taarifa: asubuhi injini huzunguka kwa uvivu, na dereva husikia. Gari la umeme halina injini ya kuzungusha, kwa hiyo betri yake ndogo hudhoofika kimyakimya. Jana iliamsha kompyuta, leo haiwezi. Hilo ndilo linalowasukuma wenye magari kutafuta betri ya aina nyingine.

Tuseme neno pia juu ya jina la madini haya. Kwa Kiswahili, risasi ni madini, na pia ni kile kitokacho mtutuni mwa bunduki. Katika miji ya mashariki mwa nchi yetu, maana ya pili ndiyo inayotangulia masikioni. Katika sentensi ndefu muktadha hutatua jambo, lakini katika lebo yenye maneno matatu haufiki. Pendekezo letu ni kuandika kwa ukamilifu “betri ya risasi na asidi”. Neno asidi linaondoa shaka yote, na papo hapo linamkumbusha fundi kwamba ndani mna kimiminika kinachounguza.

3. Lithiamu ni ukoo

Mtego wa pili umo katika neno lithiamu lenyewe. Watu husema “betri ya lithiamu” kana kwamba ni kitu kimoja. Lithiamu hapa ni jina la ukoo, na ndani ya ukoo huo mna ndugu wasiofanana tabia.

Betri za kwanza za ioni za lithiamu kuuzwa madukani zilitoka kwa kampuni ya Sony mwaka 1991, nazo zilitumia oksidi ya kobalti. Kwa mchango wao katika uvumbuzi huo, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Ndugu wa karibu wa betri hizo ni zile zinazochanganya nikeli, manganizi na kobalti, ambazo hutumika sana katika betri kuu za magari. Seli yake moja hutoa kati ya volti 3.6 na 3.7.

Ndugu wa pili ni lithiamu ya chuma na fosfeti. Goodenough na wenzake katika Chuo Kikuu cha Texas waliieleza katika makala ya mwaka 1997. Seli yake hutoa volti 3.2, na seli nne hutoa 12.8. Kwa kuwa namba hiyo iko karibu na volti za betri ya risasi, ndugu huyu ndiye anayechaguliwa mara nyingi kutengenezewa betri za badala. Ana sifa nyingine mbili. Hustahimili joto kuliko yule mwenye kobalti, hivyo hatari ya moto ni ndogo zaidi ingawa haikosekani. Tena huvumilia kujazwa na kuishiwa mara nyingi, mara elfu na zaidi, ambapo betri ya risasi ikiishiwa kabisa mara mia chache huwa imechoka.

Kwa msomaji wa Katanga tofauti hii si ya kemia tu. Mkoa wetu uliitwa Shaba kuanzia mwaka 1971 hadi 1997, na watu wa hapa hutaja madini kama wengine wanavyotaja mazao ya shamba. Kongo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, na mara kwa mara husikika mtaani kwamba kila betri ya lithiamu inakula kobalti yetu. Si kila moja. Betri ya lithiamu ya chuma na fosfeti haina kobalti hata chembe, wala nikeli. Inahitaji lithiamu, ambayo Manono katika mkoa wa Tanganyika inajulikana kwa akiba yake kubwa, lakini haiihitaji Kolwezi. Mwandishi wa habari anayefasiri aina zote mbili kwa “betri ya lithiamu” hawezi kumweleza msomaji wake kwa nini viwanda vikihamia aina moja, bei ya madini yetu hutikisika. Ukoo ukitajwa bila jina la mtu, habari hupotea.

4. Namba moja, maana mbili

Sisi wanafunzi wa lugha tunajua vizuri kwamba neno moja laweza kuwa na maana mbili. Hatukutazamia kwamba namba nayo yaweza.

Chukua betri mbili zilizopumzika saa kadhaa bila kazi yoyote, moja ya risasi na asidi, nyingine ya lithiamu ya chuma na fosfeti. Weka mita ya umeme kwenye ncha zake. Zote mbili zinaonyesha 12.8. Ya risasi inasema: nimejaa. Ya lithiamu inasema: nimebakiwa na karibu sehemu moja ya tano. Betri ya lithiamu ya aina hii ikiwa imejaa na kupumzika huonyesha volti 13.3 au zaidi kidogo, na hukaa karibu na 13.2 kwa muda mrefu sana inapotumika. Volti zake hazishuki kwa ngazi zinazoonekana kama za risasi: husimama palepale, kisha huporomoka ghafla karibu na mwisho.

Fundi aliyejifunzia kazi kwenye risasi atasoma 12.8 na kusema “betri nzima”. Hajakosea kusoma, amesoma kwa sarufi ya lugha nyingine. Na si fundi peke yake. Magari mengi yana kihisi kinachokadiria hali ya betri ndogo, na programu yake iliandikwa kwa ajili ya risasi. Ikiona 12.8 inaridhika, na haina sababu ya kuomba chaji.

Upande wa kuchaji nao una tofauti zake. Betri ya lithiamu ya chuma na fosfeti yenye seli nne hujazwa kwa volti zisizozidi 14.6. Kigeuzi kinachotoa karibu 14 kinaifaa. Lakini magari mengine, baada ya kuijaza betri ya risasi, hushusha volti hadi kama 13 ili kuitunza isichemke. Kwa risasi, 13 ni lishe ya kutosha. Kwa lithiamu iliyojaa, 13 ni chini ya volti zake za mapumziko, kwa hiyo haipokei kitu. Itashuka taratibu na kuishi nusu tupu. Kinyume chake, chaja za gereji zenye hatua ya kufufua risasi hupandisha volti hadi 15 au kupita, na hapo betri ya lithiamu imo hatarini.

Nyuzijoto nazo zihesabiwe. Betri hii isichajiwe ikiwa chini ya nyuzi 0 za Selsiasi, kwani lithiamu hujikusanya kama utando wa metali juu ya anodi na kuiharibu. Lubumbashi, hata usiku wa mwezi wa sita, tatizo hilo si la kila siku. Lakini mfasiri hana ruhusa ya kufuta onyo kwa sababu yeye haishi penye theluji. Gari husafiri, na karatasi husafiri pamoja nalo.

5. Betri inayojitenga

Tofauti kubwa kuliko zote haionekani kwa nje. Betri ya risasi ni kitu kitulivu: ukiitesa itaumia, lakini haitakataa kazi. Betri ya lithiamu ina ubao wa ulinzi ndani yake, mlinzi asiyelala. Volti zikipanda kupita kiasi, mlinzi huzitenga seli na ncha. Zikishuka mno, karibu volti 10 kwa betri ya seli nne, huzitenga. Mkondo ukizidi au baridi ikizidi, huzitenga. Mita ya fundi ikiwekwa kwenye ncha huonyesha sifuri au karibu yake.

Kwa seli, ulinzi huo ni rehema. Kwa gari la umeme waweza kuwa kifungo. Tukumbuke sehemu ya kwanza: bila betri ndogo kontakta hazishikani. Betri nyingi za lithiamu zilizojitenga husubiri zihisi chaji kutoka nje ndipo zijifungue tena. Lakini chaji yatoka wapi? Yatoka kwa kigeuzi. Kigeuzi kinasubiri kontakta, kontakta zinasubiri betri ndogo, na betri ndogo inasubiri kigeuzi. Kila mmoja anamngoja mwenzake, na gari linalala barabarani. Litaamka tu likiazimwa umeme wa volti 12 kutoka nje.

Waundaji wamelijua hilo. Hyundai, ilipotoa gari-mseto la Ioniq mwaka 2016, iliweka betri ndogo ya lithiamu, na pamoja nayo kitufe maalumu upande wa dereva. Betri ikijitenga, dereva hubonyeza kitufe, huazimwa akiba iliyobaki kwa muda mfupi, na huwasha gari mara moja. Baadhi ya betri za badala zinazouzwa peke yake nazo zina kitufe cha namna hiyo juu ya sanduku. Ni dogo, lakini karatasi ya maelezo isiyokitaja inamwacha mwenye gari barabarani na msaada alioununua mwenyewe.

6. Kiwanda kinapobadilisha

Mfano wa Tesla unaonyesha vizuri maana ya kubadilisha betri kwa ukamilifu. Kwa miaka mingi magari yake yalibeba betri ndogo ya risasi. Mwaka 2021, Model S na Model X zilizofanyiwa marekebisho zilitoka na betri ndogo ya ioni za lithiamu, kisha Model 3 na Model Y zikafuata. Kampuni haikuiga volti za risasi. Mfumo mpya hufanya kazi karibu na volti 16, na kigeuzi pamoja na programu vilitengenezwa kuendana nao. Kwa hiyo betri hiyo, ijapokuwa ni ya kampuni ileile na ya gari lenye jina lilelile, haiwezi kuhamishiwa katika gari la miaka ya nyuma lililojengewa risasi.

Mwishoni mwa mwaka 2023 kampuni hiyohiyo ilianza kuwakabidhi wateja Cybertruck, ambayo mfumo wake mdogo ni wa volti 48. Hapa istilahi “betri ya volti 12” inavunjika kabisa. Ndiyo maana kichwa cha makala hii kinasema “mfumo wa volti ndogo”. Namba ni sifa ya gari fulani. Volti ndogo ni cheo ndani ya kila gari la umeme. Istilahi nzuri hutaja kazi ya kitu, ili kitu kikibadilika umbo jina libaki kweli.

Tunaona basi njia mbili. Kiwanda hubadilisha betri pamoja na vinavyoizunguka. Mnunuzi wa betri ya badala hubadilisha betri peke yake, na vinavyoizunguka vinaendelea kuamini kwamba risasi bado ipo. Njia ya pili yaweza kufaulu, na wengi wanaitumia, mradi volti za kigeuzi cha gari lile zijulikane na ubao wa ulinzi wa betri ukubaliane nazo. Masharti hayo ndiyo yanayopaswa kuvuka salama kutoka lugha moja hadi nyingine.

7. Tafsiri mbili za lebo moja

Ili tuone hayo kwa vitendo, tumetunga tafsiri mbili za maelezo ya aina inayopatikana kwenye betri za badala. Ya kwanza ni ya haraka:

“Betri ya lithiamu ya volti 12. Badala kamili ya betri ya risasi. Zima injini, ifunge na uichaji kama kawaida.”

Sentensi hizi ni Kiswahili sanifu, na mwalimu wa sarufi hatazitia wino mwekundu. Lakini zina makosa manne. Zimetaja ukoo na kuacha jina. Zimesema “kamili” pasipo kutaja gari gani. Zimeamuru kuzima injini katika gari lisilo na injini. Gari la umeme ni kimya likiwa macho na kimya likiwa limelala, hivyo fundi anayesikiliza hatasikia tofauti. Na “kama kawaida” ina maana ya kawaida ya risasi, ambayo ndiyo hasa haifai.

Ya pili ni ya mfasiri aliyeelewa:

“Betri hii ni ya lithiamu ya chuma na fosfeti, volti 12.8. Inakaa mahali pa betri ndogo ya risasi na asidi katika magari yaliyoorodheshwa hapa tu. Kabla ya kazi: chomoa waya wa kuchajia gari, zima gari, ngoja mpaka dashibodi iwe giza na taa zote zizimike. Usiguse nyaya za rangi ya chungwa. Toa kwanza waya wa ncha hasi. Unaporudisha, waya wa ncha hasi uwe wa mwisho. Chaji isizidi volti 14.6. Usitumie hatua ya kufufua betri za risasi. Usichaji chini ya nyuzi 0. Mita ikionyesha sifuri, betri yaweza kuwa imejitenga ili kujilinda: ipe chaji kwa chaja ya lithiamu kabla ya kuihukumu kuwa imekufa.”

Ni ndefu zaidi, na haina pambo. Kila sentensi inamwambia fundi afanye nini kwa mkono wake. Nyaya za rangi ya chungwa ndizo zinazobeba volti kubwa katika magari ya umeme. Rangi hiyo ni lugha ya kimataifa, lakini asiyefundishwa haisomi.

8. Istilahi zinazopendekezwa

Betri kuu: betri ya volti kubwa inayoendesha mota.

Betri ya volti ndogo: betri inayohudumia taa, kufuli na kompyuta, na kuamsha kontakta. Kwa ufupi, betri ndogo.

Kontakta: swichi nzito ya sumaku inayounganisha au kuitenga betri kuu. Hushikana na huachana. Tuepuke kufunga na kufungua.

Kigeuzi: kifaa kinachoshusha umeme wa betri kuu ili uhudumie mfumo wa volti ndogo.

Ubao wa ulinzi: saketi ndani ya betri ya lithiamu inayotenga seli panapotokea hatari.

Kujitenga: hali ya betri ambayo ubao wake wa ulinzi umekata njia ya umeme. Tofauti na kuisha, ambapo umeme umekwisha, na kufa, ambapo betri haiponi tena.

Volti za mapumziko: kipimo cha betri iliyokaa saa kadhaa bila kazi wala chaji.

Tumeandika betri, kama inavyoandikwa Afrika Mashariki. Katika gereji za Lubumbashi husikika zaidi batri, kutoka Kifaransa. Hatuoni haja ya kuligombania hilo. Fundi anayesema batri na anayesema betri wanaelewana papo hapo. Wasioelewana ni anayesema imejitenga na anayesikia imekufa: mmoja ataiokoa betri, mwingine ataitupa.

Hitimisho

Wako wanaosema Kiswahili hakina maneno ya ufundi. Katika somo hili maneno hayakutupungukia: shika, achana, jitenga, pumzika, amka, yote ni ya nyumbani. Kilichohitajika zaidi ni kujua kifaa kinafanya nini kabla ya kukipa jina. Mfasiri aliyejua kwamba betri ndogo ndiyo inayoamsha kubwa hatathubutu kuandika “badala kamili” bila kutaja masharti. Magari haya yakizidi kuingia katika barabara zetu, betri zake zitakuja na karatasi, na kazi ya kuzifasiri itatafuta mtu.

Mazoezi

1. Eleza kwa maneno yako, kwa mtu asiyejua umeme, kwa nini gari lenye betri kuu iliyojaa linaweza kushindwa kuamka.

2. Mita inaonyesha 12.8 kwenye betri iliyopumzika. Andika maswali mawili utakayomuuliza fundi kabla ya kutoa maana ya namba hiyo.

3. Kusanya kutoka gereji moja matumizi matano ya vitenzi funga na fungua (au fungula). Yapange kwa maana, kisha onyesha ni yapi yangekuwa hatari katika maelezo ya umeme.

4. Tafuta karatasi ya maelezo ya betri yoyote kwa Kifaransa. Ifasiri mara mbili: kwanza kwa haraka, kisha baada ya kuzungumza na fundi. Linganisha tafsiri zako na ueleze kila badiliko.